Mnaona Nini?

Mwalimu wa kemia alikuwa na jina zuri alilopewa na wazazi wake, lakini pale shuleni jina hilo halikuwa na kazi. Wanafunzi walimwita Mnaona-Nini, mbali na masikio yake, na alikuwa amejitafutia mwenyewe kwa mdomo wake. Kila alipoingia maabara na kidato cha tano au cha sita, kila alipoinua neli ya kioo kuielekeza dirishani, swali lilikuwa lilelile: "Mnaona nini?" Darasa humjibu kwa kupokezana. Mashapo ya kijani, mwalimu. Kijani kilichochafuka, mwalimu. Sasa huku juu yanageuka kahawia. Yeye huitikia kwa kichwa, akaiweka neli chini, akageukia ubao kueleza kwa nini, na kwenye hiyo kwa nini hakuwa na mpinzani.

Tumpe haki yake kabla hatujamvua nguo. Hesabu za msawazo alizipiga kichwani huku akitafuta chaki. Elektroni alizizungumzia kama mtu anayesengenya majirani, huyu kampa yule, yule kamnyang'anya huyu, na wanafunzi walicheka na wakaelewa. Mwaka mmoja wakaguzi wa elimu walikuja wakaketi nyuma ya maabara, wakaandika wee, kisha wakamsifu mbele ya walimu wenzake: huyu ndiye mwalimu, hawatafunii watoto majibu, anawaacha waone wenyewe. Akainamisha kichwa. Wenzake wakasema, tazama mtu alivyo mnyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Ilikuwa aibu tupu, ilimpanda mpaka masikioni, kwa sababu alikuwa akiuliza kitu ambacho kweli hakukijua.

Mwalimu hakuona rangi. Buluu aliiona vizuri na manjano pia, lakini nyekundu, kijani na kahawia kwake zilikuwa tope moja. Alizaliwa hivyo. Utotoni mama yake alimtuma bustanini nyuma ya nyumba akachume nyanya zilizoiva, akarudi na kikapu cha mbichi na mbivu, akachapwa kwa utundu. Aliyeng'amua ni dada yake mkubwa, aliyemkuta siku nyingine akiminya kila nyanya kwa kidole gumba na kuinusa kabla ya kuichuma. Dada hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo akawa macho yake: akimchagulia nguo za kutokea, akimtazama tai kabla hajatoka mlangoni, akimfinya akitaka kusema neno la kipumbavu kuhusu maua ya watu. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mwalimu aliamini kwamba mwosha wake alikuwa huyo mmoja tu.

Mtu atauliza, sasa kwenye kemia alifuata nini? Aliipenda, basi. Mtu hapendi kwa kushauriwa. Alijiambia kwamba rangi ni nguo tu na kwamba kemia yenyewe imo ndani ya nguo, kisha akajitengenezea njia zake za panya. Wenzake walipotazama kama mashapo ya chuma ni ya kijani au ya kahawia, ili wajue wameshika chuma mbili au chuma tatu, yaani chuma kilichopoteza elektroni mbili au tatu, yeye alidondosha tone la potasiamu ferisianidi, kwa kuwa chuma mbili huigeuza buluu nzito, na buluu aliiona. Wenzake walipopima asidi kwa besi wakingoja kiashiria kibadilike rangi, yeye alitumbukiza kipimajoto. Joto hupanda mpaka asidi na besi zimalizane, halafu huanza kushuka. Akachora grafu, na pale mistari miwili ilipokutana ndipo jibu lilipokaa. Somo alilolipenda kuliko yote lilikuwa la kloridi ya kobalti, ile inayogeuka buluu ikipashwa moto ndani ya asidi na kurudi waridi ikipozwa. Siku hiyo aliuliza mnaona nini kwa mazoea tu, maana jibu alikuwa nalo.

Maisha ya kujificha nayo yana vituko vyake. Mashati yake yote yalikuwa meupe au ya buluu, ili pasiwe na la kukosea. Kuna mwaka alisahihisha daftari za darasa zima kwa kalamu ya kijani, na pale shuleni kijani kilikuwa cha mkuu wa shule peke yake. Wanafunzi wakadhani amepandishwa cheo, wakampongeza, naye akazipokea pongezi kwa sura ya mtu anayejua zinahusu nini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akiishi mpaka mtoto wa dada yake alipoingia kidato cha tano.

Kijana mwenyewe alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kichwa chepesi. Siku ya kwanza darasani mwalimu aliteleza ulimi akamwita "mpwa wangu", na ikawa ndiyo imetoka hiyo. Wenzake wote wakamwita Mpwa. Alitaka kuwa mfamasia. Kwenye nadharia alimfurahisha mjomba wake kupita kiasi, hata mwalimu akawa anajizuia kumtazama anapojibu, wasije watu wakasema anapendelea damu yake. Lakini siku ya kwanza ya mashapo, akisahihisha kazi za maabara, mwalimu alikuta kwenye karatasi ya Mpwa neno "kahawia" mahali ambapo darasa zima liliandika "kijani".

Kalamu ilisimama. Alilijua jibu lile. Lilikuwa lake, la miaka yake ya ujana, na alijua pia limefikaje pale. Upofu wa rangi wa namna ile hupita kwa mama: mama yao alimpa yeye, akampa na dada yake, aliyeubeba bila kuumwa nao na kumpa mwanawe. Kilichotakiwa kufanywa kilikuwa kidogo. Amwite kijana pembeni, amwonyeshe chupa ya ferisianidi kwenye rafu, amwonyeshe kipimajoto, amrithishe njia zote za panya alizozichimba kwa jasho. Ila angefundishaje njia za kipofu bila kusema kwamba kipofu ni yeye? Akatia mkasi, ile alama ya kosa, kwenye jibu, akafunua karatasi iliyofuata.

Akafanya hivyo mwaka mzima. Kila alipotia mkasi aliona aibu, na kila alipoona aibu aliharakisha kufunua ukurasa. Mpwa akajitafutia mwenyewe njia. Alihamia meza ya msichana aliyevaa miwani minene, ambaye darasa lilimwita Darubini kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kupaza rangi kila mwalimu alipouliza. Hapo Mpwa akaacha kukosea. Mwalimu aliliona hilo pia, akashukuru kimoyomoyo, akalinyamazia.

Ukaja mtihani wa vitendo wa kufunga mwaka, ambao ndio uliowachuja waliokuwa wanaendelea na kemia kidato cha sita na wasioendelea. Msimamizi alikuwa mwalimu wa nidhamu, mtu wa viatu visivyo na sauti. Alimkuta Mpwa ameinua neli, ameinamia meza ya Darubini akinong'ona, kijani au kahawia? Na Darubini akinong'ona, kijani. Karatasi zote mbili zikachukuliwa hapo hapo.

Siku ya pili yake waliitwa ofisini kwa mkuu wa shule, mama mtulivu aliyekuwa na tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho. Mwalimu wa kemia naye aliitwa, kwa kuwa somo ni lake. Darubini alisema ndiyo, alimwambia, na hakuongeza neno. Mpwa alisema hakuwa anaiba jibu. Alikuwa anauliza rangi tu, na rangi ikishajulikana mengine anayajua mwenyewe, wamuulize hata sasa. Alisema hazitofautishi. Mwalimu wa nidhamu akacheka puani, akasema kila mwizi ana ugonjwa wake.

Mkuu wa shule alifumbua macho. Alisema amewahi kusikia habari za watu wasioona rangi, na hataki kumdhulumu mtoto wa mtu, ila hawezi kuamini neno la aliyekamatwa. Kisha akamgeukia mwalimu wa kemia.

"Wewe ni mjomba wake, unamjua tangu yuko mgongoni. Ana tatizo hilo?"

Swali lilikuwa jepesi na jibu lake lilikuwa neno moja. Lakini mwalimu aliyaona maswali yaliyosimama foleni nyuma ya hilo: umejuaje, kwenu nani mwingine analo, na wewe je? Aliwaona wakaguzi, aliwaona wazazi wakiuliza ni mtu gani aliyewekwa kuwapimia watoto wao rangi miaka yote hii. Akakiona na kisingizio kizuri kimekaa tayari, kimevaa nguo za haki.

"Sitaki nionekane natetea damu yangu," akasema. Akamtazama mkuu wa shule, hakumtazama kijana. "Kwetu hakuna kitu hicho."

Mpwa alikuwa amesimama kiasi cha mkono kutoka kwake. Mwalimu alingoja kijana aseme kitu, abishe, alie, lolote. Kijana alimtazama mjomba wake muda, kisha akaangalia viatu vyake na kufunga mdomo. Mpwa na Darubini wote wawili wakapewa sifuri. Darubini, kwa kuwa alama zake nyingine zilikuwa nzuri, angerudia mtihani na kupewa onyo. Mpwa angeondolewa mkondo wa sayansi, na mzazi wake aitwe. Mwalimu wa nidhamu alimpiga mwalimu wa kemia begani walipotoka. Alimwambia ni wachache wenye msimamo namna ile.

Jioni ya siku iliyofuata dada yake alimfuata kwenye nyumba za walimu nyuma ya shule, alikokuwa akiishi peke yake. Alikaribishwa kiti, akakataa. Alisimama katikati ya chumba bado na mkoba kwapani, na mwalimu akajikuta anapanga vikombe ambavyo havikuhitaji kupangwa.

"Ulisema kwetu hakuna," dada yake akasema.

Alijitetea. Alisema wangemuuliza amejuaje.

"Si wangekuuliza tu?"

Alisema angepoteza kazi. Dada yake alimwambia hilo halijui, na hata yeye mwalimu mwenyewe halijui. Analolijua ni kwamba mwanawe amepoteza kemia. Halafu akasema jambo ambalo mwalimu hakulitarajia.

"Siku aliyochagua kemia mimi nilimkataza. Nikamwambia mwanangu, macho yako hayataki. Akalia. Nikamhurumia, nikamwambia ukweli, kwamba mjomba wako naye haoni na ndiye anayefundisha. Mtoto akafurahi kama kapewa dunia. Jana alisimama mbele yako anajua, mdogo wangu. Anajua kila kitu. Ulimsikia akisema?"

Mikono ya mwalimu ilikuwa imebaki juu ya vikombe. Kwa hiyo kule ofisini, pale kijana alipomtazama, alikuwa na neno mdomoni lenye uwezo wa kumwokoa yeye na kumzamisha mjomba wake, akalimeza. Mtoto wa juzi! Na yeye, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa amelitapika lake bila hata kusukumwa.

"Heri kufa macho kuliko kufa moyo," dada yake akasema. Hakuinua sauti. "Macho hatukuchagua, mimi wala wewe wala yeye."

Tangu utotoni dada huyu hakuwahi kuagana naye bila kumtazama tai na kumnyooshea kola. Safari hii alitoka bila kuitazama, na mwalimu akabaki amesimama na tai yake, hajui hata imekaaje.

Kesho yake alikuwa na kidato cha tano maabara. Somo lilikuwa jaribio la mwali: unachovya waya safi kwenye asidi, unaugusisha unga wa chumvi, unauingiza kwenye moto wa taa ya gesi, na kila metali inauvalisha moto rangi yake. Mwalimu alikuwa amepanga visahani mwenyewe, kushoto kwenda kulia, kama ilivyokuwa desturi yake, ili kichwa kijue kile ambacho jicho halitakijua. Hakuwa amelala. Alijipa moyo kwamba kazi itamsahaulisha. Kigoda cha Mpwa kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekisogeza.

Aliuchovya waya kwenye kisahani cha kwanza, akauingiza motoni. Mwali ukapanda, ukachezacheza kwenye ncha ya waya. Kwake ulikuwa mwali tu, wenye umanjano uliofifia.

"Mnaona nini?"

Kimya. Alidhani hawakusikia. Akauchovya tena, akauingiza tena, akarudia swali kwa sauti zaidi. Wanafunzi walikuwa wamesimama kuzunguka meza kama siku zote, macho kwenye moto, na midomo yao imefungwa. Hakukuwa na mzaha nyusoni mwao, wala kiburi. Gesi ilikuwa inavuma kwenye taa na mahali fulani bomba la maji lilikuwa linadondosha. Mwalimu akageuka kwa Darubini, kwa kuwa huyo ndiye aliyefungua njia siku zote.

Darubini alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sketi, akaivaa.

"Leo tuambie wewe, mwalimu."

Sasa hapa asije mtu akasema hakuwa na pa kutokea. Alikuwa napo. Kisahani cha kwanza kilikuwa cha bariamu, alikipanga mwenyewe, na bariamu hutoa kijani cha tufaha bichi. Angesema kijani, angekuwa sahihi, na somo lingeendelea. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini alikitazama kile kigoda kitupu, akamkumbuka kijana aliyekuwa na neno kwenye ulimi naye akalimeza kwa ajili yake. Akazima gesi.

"Sioni," akasema. "Nyekundu na kijani sizioni. Sijawahi kuziona."

Wahenga walisema ukivuliwa nguo, chutama. Yeye alijivua mwenyewe, akaketi kwenye kigoda cha mwanafunzi, akangoja kicheko. Miaka yote alikuwa akikiota kicheko kile. Alijua hata kitakavyoanza, nyuma karibu na sinki, kidogo kidogo, halafu kitasambaa.

Hakuna aliyecheka.

"Tunajua, mwalimu," Darubini akasema.

Aliinua uso. Aliwauliza tangu lini, na sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Tulipoingia tu. Kidato cha sita walituambia, na wao waliambiwa na waliowatangulia. Walisema, akiuliza mnaona nini, semeni kwa sauti, mmoja mmoja. Mtu akikosea rangi mwenzake amrekebishe. Na asicheke mtu."

Mwalimu aliyarudisha yale majibu yote kichwani. Kijani, mwalimu. Kijani kilichochafuka, mwalimu. Sasa huku juu yanageuka kahawia. Aliyachukulia kuwa ni uchangamfu wa watoto, na wakaguzi waliyachukulia kuwa ni ufundi wake. Kumbe alikuwa anabebwa mgongoni miaka yote, na yeye anadhani anatembea. Vizazi kwa vizazi vya wanafunzi walikuwa wameipokea siri yake, wameikunja vizuri na kuwakabidhi wadogo zao, watoto ambao aliwatia mikasi, aliowatoa nje kwa kuchelewa, ambao hakuwajua hata majina. Wote hao walimsitiri. Na yeye alipoombwa amsitiri mmoja tu, tena wa tumbo la dada yake, alisema kwetu hakuna kitu hicho.

"Habari za Mpwa hatukuambiwa na mtu," Darubini akaendelea. "Huyo tulimwona wenyewe. Tulidhani wewe ndiye utakayemsemea."

Angeweza kusema samahani, na alisema, lakini samahani ile ilikuwa ndogo hata yeye aliisikia udogo wake. Akawaambia wasiguse asidi mpaka arudi. Akatoka na koti lake la maabara, akavuka uwanja, akabisha mlango wa mkuu wa shule kabla woga haujamfikia.

Mwalimu wa nidhamu alikuwamo. Afadhali, alijiambia, niseme mara moja. Akasema yote: nyanya, njia za panya, jibu la kahawia alilolitambua na kulitia mkasi, na uongo wa juzi. Mkuu wa shule alisikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Mwalimu wa nidhamu alikohoa. Hatimaye alisema, kumbe ndiyo maana ya ile tai ya rangi za ajabu ya siku ya mahafali, na alipoona hakuna anayecheka akajitia kupanga karatasi.

Uamuzi wa juzi ulifutwa. Darubini akasafishwa jina. Mpwa angepelekwa kwa daktari wa macho, na cheti kikipatikana shule ingeomba awe na mtu wa kumtajia rangi, kisha angerudia mtihani. Kuhusu mwalimu mwenyewe, mkuu wa shule alisema kazi yake haikuwa na shaka, na kwamba angemwelewa mtu aliyeficha macho. Sehemu iliyobaki hakuisema, na mwalimu aliisikia yote.

Mchana ule ule alikwenda kwa dada yake. Njiani alikuwa amebeba mfuko wenye kipimajoto, vikombe viwili vya plastiki, siki, soda kali ya kutengenezea sabuni iliyozimuliwa kwa maji kwenye chupa, na chupa ndogo ya ferisianidi iliyofungwa vizuri kwenye kitambaa. Alikuwa amejiandalia maneno, mengi na mazuri. Mlango ulifunguliwa na Mpwa, na maneno yote yakamkimbia.

"Nimewaambia," akasema pale pale kizingitini. "Nimewaambia na yangu pia. Unarudi darasani. Nilikukosea, mwanangu. Nilikukosea mwaka mzima, wala si juzi tu."

Kijana alimpokea mfuko, kama mtoto mwenye adabu anavyompokea mgeni, akamkaribisha ndani. Dada yake akaleta chai, akaketi mbali kidogo, akaanza kushona kitu.

Mezani mwalimu alimfundisha kila kitu. Alimwonyesha jinsi ya kumimina soda kidogo kidogo kwenye siki, kukoroga, kusoma joto na kuliandika, kumimina tena, na jinsi mistari miwili inavyokuja kukutana yenyewe kwenye grafu bila kuomba msaada wa rangi yoyote. Alimweleza kuhusu chuma mbili na buluu. Mpwa aliuliza maswali mazuri, mazuri kuliko aliyowahi kuulizwa na mtu: je, chumba kikiwa na baridi grafu itapinda wapi, na chuma tatu akiisaka kwa kitu gani ili nayo impe buluu? Mwalimu alijibu akiwa ameinama, akimimina, akifuta meza kwa kiganja. Kwa muda kidogo alisahau, akafurahi. Alikuwa hajawahi kumwonyesha mtu njia zile.

Walipomaliza kijana alikisafisha kipimajoto, akakirudisha kwenye bweta lake kwa uangalifu.

"Asante sana, mwalimu," akasema.

Mwalimu alitazama kikombe chake. Ndani ya nyumba hii, tangu alipoanza kutamka maneno, kijana huyu hakuwahi kumwita hivyo. Mwalimu lilikuwa neno la shuleni, na nyumbani alikuwa mjomba. Alikuwa mjomba wakati anambeba mabegani, alikuwa mjomba hata juzi asubuhi kabla ya ofisi. Alimtupia jicho dada yake, naye dada yake hakuinua uso kwenye mshono wake.

Akamuuliza kijana swali jingine la grafu, ambalo halikuwa na haja, kisha jingine. Yote yalijibiwa vizuri, kwa heshima kamili, ndiyo mwalimu, hapana mwalimu. Alikaa pale akilingojea lile neno moja mpaka chai ikapoa, na alipoaga jua likizama neno hilo lilikuwa bado halijaja.